Mwongozo upo, mbona dawa ya Mama haibadiliki?

Kati ya barua zilizofika mwezi huu, tatu zinagusa jambo moja, nami nimeona ni vema nizijibu pamoja: namna madaktari wa familia na wauguzi wa vituo vya afya hapa Lubumbashi wanavyofuata, au wanavyoshindwa kufuata, miongozo ya kutibu shinikizo la damu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita tansio. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu inauliza kile ambacho wagonjwa wengi hukiwaza wakiwa njiani kurudi nyumbani, wala hawathubutu kukisema mbele ya daktari.

SWALI

Jambo sana, Dokta. Mama yangu ana miaka 61, naye anaishi kwangu Katuba. Kwa miaka 3 amekuwa akienda kituo kilekile cha afya, kwa daktari yuleyule, mtu mpole ambaye Mama anamwamini sana. Kila akienda anapimwa. Daftari lake nimelisoma ukurasa kwa ukurasa: 158 kwa 96, 164 kwa 94, 156 kwa 98. Kila mara daktari ameandika kwamba aendelee na dawa, na dawa yenyewe ni amlodipini ya miligramu 5 tangu siku ya kwanza. Mdogo wangu anayefanya kazi katika kampuni ya madini alikutwa na 152 kwa 94. Daktari wa kampuni akamwandikia dawa mbili kwa pamoja na kumtaka arudi baada ya mwezi 1. Je, madaktari hawa hawana mwongozo? Na kama wanao, ni nani kati yao aliyeuacha?

Binti wa Katuba

JIBU

Dada yangu, umefanya jambo la maana sana kulisoma daftari la Mama kwa namna hiyo. Namba zikitazamwa moja moja husema kidogo, lakini zikipangwa kwa mfuatano wa miaka 3 zinatoa ushahidi ambao huenda hata daktari mwenyewe hajawahi kuukusanya mbele ya macho yake.

Miongozo ipo, tena si mmoja. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa dawa za shinikizo la damu kwa watu wazima mwaka 2021, nao unazingatia pia nchi ambazo vituo vyake havina maabara wala daktari wa moyo. Wataalamu wa Ulaya walitoa wao mwaka 2018, kisha wakatoa mingine mwaka 2023 na 2024. Wamarekani, tangu mwaka 2017, huhesabu ugonjwa kuanzia 130 kwa 80, wakati Ulaya wamebaki kwenye 140 kwa 90, na Shirika la Afya Duniani nalo hushauri watu wengi waanzishiwe dawa kuanzia 140 kwa 90. Kwa hiyo mtu mwenye 134 kwa 84 anaweza kuitwa mgonjwa katika kitabu kimoja na asiitwe hivyo katika kingine, na madaktari wawili wenye elimu sawa wanaweza kumpa majibu mawili bila hata mmoja wao kukosea. Hata hivyo tofauti hiyo haimhusu mama yako, kwa sababu 158 kwa 96 iko juu ya mstari wa kila mwongozo ninaoujua.

Kuhusu yanayopaswa kufuata baada ya dawa ya kwanza, mwongozo wa mwaka 2021 uko wazi: mgonjwa aliyeanzishiwa dawa au aliyebadilishiwa dawa aonwe kila mwezi hadi afikie lengo, na akishalifikia aonwe kila baada ya miezi 3 hadi 6. Lengo kwa watu wengi ni kushuka chini ya 140 kwa 90. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo au wa mishipa namba ya juu, yaani ile inayotajwa kwanza, inatakiwa ishuke chini ya 130, na hivyo hivyo hushauriwa kwa mwenye kisukari au ugonjwa wa figo. Ukipima matendo ya daktari wa kampuni kwa kipimo hicho, utaona kwamba amefuata. Hata zile dawa mbili kwa pamoja, ambazo naona zilikushtua, hazitokani na haraka. Uzoefu wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba kuongeza dawa ya pili ya aina tofauti, kwa kipimo kidogo, hushusha presha kuliko kuiongeza dozi ya dawa ileile mara mbili, tena bila kuzidisha sana madhara kama miguu kuvimba, ambayo amlodipini huyaleta zaidi dozi inapopanda.

Daktari wa mama yako naye hakukosea katika kuichagua dawa. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika nchi 6 za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Kamerun, kwa wagonjwa Waafrika 728. Ulionyesha kwamba amlodipini, ikiunganishwa ama na hidroklorothiazidi ama na perindoprili, dawa nyingine mbili za presha, ilishusha presha kuliko perindoprili na hidroklorothiazidi zikiunganishwa bila amlodipini. Alianza basi mahali pazuri. Kosa ni kwamba alisimama palepale.

Kwa nini daktari mwema, anayejua mwongozo, asimame kwa miaka 3? Swali hili nalijua kwa ndani, na nitalijibu kwa kusema jambo lililonipata mimi. Miaka iliyopita nilikuwa nikimtibu baba mmoja, fundi seremala, ambaye presha yake ilikuwa ikicheza kwenye 160. Siku moja nililifungua daftari lake nikitafuta tarehe ya kipimo cha sukari, nikakuta nimeandika mara 5 mfululizo kwamba aendelee na dawa. Nikakumbuka kila siku ile. Mara ya kwanza alikuwa na homa ya malaria, nikasema homa imeipandisha. Mara ya pili alitoka kwenye msiba wa kaka yake. Mara ya tatu alifika mbio kwa sababu mvua ilimkuta njiani. Mara ya nne vidonge vilikuwa vimemwishia wiki nzima, na mara ya tano watu walikuwa wamejaa barazani hadi nje, nami nikataka kumaliza. Kila sababu ilikuwa ya kweli siku yake, lakini zilipojumlishwa zilikuwa mwaka mzima wa 160, na mishipa ya ubongo na ya figo haihesabu sababu. Siku hiyo nilimwongezea dawa ya pili, na ndani ya miezi 2 alikuwa na 136 kwa 84. Sikuwa nimekosa mwongozo, kwani ulikuwa umelala mezani pangu muda wote ule.

Ndiyo maana sipendi kuona jambo hili likielezwa kama uvivu au ujinga wa madaktari. Daktari wa familia huketi mbele ya mtu mmoja mwenye magonjwa matatu, wakati kila mwongozo umeandikwa kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Hujua kwamba mgonjwa ananunua dawa kwa fedha zake mwenyewe, na kwamba kidonge cha pili kinaweza kula fedha ya unga. Huwa na shaka kama mgonjwa anameza dawa kweli, na kwa heshima hashindani naye. Huwa na shaka pia na kile kipimo chenyewe, kwa maana mashine ya kituo inaweza kuwa haijahakikiwa kwa miaka. Mashaka hayo yote yana haki yake, lakini kila moja lina kazi linayotudai: mwenye shaka na kipimo arudie kipimo, na mwenye shaka na umezaji wa dawa aulize kwa upole ni vidonge vingapi vimebaki. Anayejua kwamba fedha ni shida atafute dawa za bei nafuu, maana amlodipini na hidroklorothiazidi zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ambayo tangu mwaka 2019 imeingiza pia vidonge vinavyobeba dawa mbili ndani ya kimoja. Shaka ambalo halikufuatiwa na tendo lolote humwacha mgonjwa alipokuwa.

Ziko pia nyakati ambazo daktari huacha namba ya mwongozo kwa haki kabisa. Bibi wa miaka 84 ambaye akisimama anapatwa na kizunguzungu, ambaye ameanguka mara mbili tangu msimu wa baridi, daktari wake akimwacha kwenye 148 hajamtelekeza. Utafiti mkubwa wa wagonjwa wenye miaka 80 na zaidi uliochapishwa mwaka 2008 uliweka lengo la 150 kwa 80 tu, na hata hivyo ulipunguza vifo. Miongozo yenyewe inaruhusu hukumu ya namna hiyo. Ninachokidai ni kwamba sababu iandikwe katika daftari na mgonjwa aelezwe. Kuuacha mwongozo kwa sababu iliyotajwa ni utabibu. Kuuacha kimya kimya, bila mtu yeyote kujua kwamba umeachwa, ndiko kunakoniogopesha, na kwa namba ulizoniandikia nahofia kwamba ndiko kulikompata mama yako, ambaye ana miaka 61 na wala hujataja kizunguzungu.

Nenda naye safari ijayo. Beba daftari, na beba pakiti za dawa zote anazomeza, hasa zile za maumivu ya magoti au mgongo zinazonunuliwa bila karatasi ya daktari, maana diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha na kudhoofisha kazi ya dawa zake. Ni mara nyingi nimekuta fumbo lote limelala ndani ya mfuko huo. Kisha, baada ya salamu, muulizeni daktari kwa heshima: Mama anatakiwa afike namba gani, leo tunabadilisha nini, na arudi lini. Daktari mwema hataona kwamba amedharauliwa, na huenda atashukuru, kwa sababu maswali hayo matatu yanamrudisha kwenye mwongozo bila kumwaibisha mbele ya mtu. Akisema leo habadilishi kitu, muulize sababu, umsikilize vizuri. Lakini usimpe Mama dawa za mdogo wako, hata kwa siku moja. Hujui hali ya figo zake, na dawa iliyomfaa kijana wa mgodini si lazima imfae yeye.

SWALI

Dokta, mimi ni muuguzi mkuu wa kituo cha afya upande wa Ruashi. Daktari hutufikia mara chache. Hatuna maabara ya kupima figo wala potasiamu, na mashine ya kupima umeme wa moyo iko hospitali kubwa tu. Shuleni tulifundishwa kwamba mgonjwa wa tansio haanzishiwi dawa bila vipimo hivyo, kwa hiyo ninawaandikia karatasi ya kwenda hospitali. Wengi hawaendi kwa kukosa nauli, na baadaye ninasikia mmoja amepatwa na kiharusi. Mwongozo unaniruhusu nini?

JIBU

Ndugu muuguzi, unakuruhusu zaidi ya ulivyofundishwa. Mwongozo wa mwaka 2021 unasema vipimo vya damu, vya mkojo na vya moyo vifanywe pale vinapopatikana, lakini kukosekana kwake kusicheleweshe dawa. Unataka matibabu yaanze si zaidi ya wiki 4 baada ya ugonjwa kuthibitishwa, na kwa mwenye 160 kwa 100 au zaidi yaanze bila kuchelewa. Unasema pia kwamba wauguzi na wafamasia wanaweza kutoa dawa hizi, mradi wamefunzwa, wanafuata utaratibu ulioandikwa, na daktari anawasimamia. Masharti hayo ni ya lazima, nami sikushauri uanze peke yako kwa siri. Mwendee daktari mkuu wa zone yako ya afya, mwombe mkae mwandike ukurasa mmoja unaotaja dawa ya kwanza, dozi yake, siku ya kurudi, dawa ya pili, na nani apelekwe hospitali, kisha autie sahihi. Shirika la Afya Duniani limekuwa likisambaza mifano ya kurasa za namna hiyo tangu mwaka 2016, kwa ajili ya vituo vya msingi kama chako.

Katika ukurasa huo, amlodipini ndiyo inayofaa zaidi kuanza nayo mahali pasipo na maabara, kwa kuwa haihitaji kipimo cha figo wala cha potasiamu. Enalaprili na dawa za jamii yake zinahitaji vipimo hivyo. Ni marufuku kwa mwenye mimba, zinaweza kuleta kikohozi kisichoisha, na kwa watu weusi huvimbisha midomo na ulimi mara nyingi zaidi kuliko kwa wengine. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa muulize kuhusu mimba kabla ya kuandika chochote. Karatasi za kupimia mkojo jitahidini mzipate, kwa maana protini na sukari katika mkojo zitakuonyesha ni nani wa kutangulizwa.

Mwenye mimba, mwenye maumivu ya kifua, aliyekosa pumzi, aliyelegea upande mmoja, aliyechanganyikiwa au aliyepoteza kuona ghafla, huyo apelekwe hospitali saa ileile, hata kama itabidi majirani wachange nauli. Na nakusihi kwa moyo wote, ile desturi ya kupasua kidonge laini cha nifedipini na kukidondosha chini ya ulimi ili presha ishuke upesi, iacheni kabisa. Presha ikiporomoka ghafla, damu huukosa ubongo na moyo, na tunaweza kukisababisha kiharusi kilekile tulichotaka kukizuia. Bado naiona ikifanywa mjini humu, na watu wenye nia njema ndio wanaoifanya.

SWALI

Nilienda kwa daktari Kamalondo kwa ajili ya mafua, akanipima mara moja, akakuta 148 kwa 92, akaniandikia dawa ya presha siku hiyohiyo. Nyumbani nina mashine, nayo inaniambia 128 kwa 80. Sina maumivu yoyote. Nimeze au nisimeze?

Papa wa miaka 47

JIBU

Papa, kukosa maumivu kusikutulize, kwa sababu tansio kwa kawaida haiumi mpaka imeshaharibu kitu. Lakini kwa upande wa kipimo una hoja. Mtu mwenye 148 kwa 92 asiye na dalili ya moyo au figo kuumia hatakiwi kuhukumiwa kwa kipimo cha mara moja, tena akiwa mgonjwa wa mafua; miongozo inataka kipimo kirudiwe siku nyingine, na katika kila siku kichukuliwe walau mara mbili. Ziko pia dawa za mafua za kuzibua pua ambazo zenyewe hupandisha presha, kwa hiyo mtajie daktari ulichokuwa ukinywa siku ile.

Inawezekana presha yako hupanda mbele ya daktari tu, jambo linalojulikana vizuri na lenye kipimo chake: nyumbani mstari ni 135 kwa 85. Inawezekana vilevile mashine yako inakudanganya, hasa ikiwa ni ya kufunga kwenye kifundo cha mkono. Pima kwa mashine ya mkono wa juu, asubuhi na jioni, kwa siku 7. Uwe umekojoa, hujanywa kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa. Keti dakika 5 bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kuikunja, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda usiwe mdogo kuliko mkono wako, kwa maana mkanda mdogo hupandisha namba. Pima mara mbili kwa kuachanisha dakika 1, uandike kila kitu hata namba usizozipenda. Siku ya kwanza iache, za siku zilizobaki tafuta wastani.

Katika wiki hiyo, anza pia jambo ambalo kila mwongozo huliweka kabla ya kidonge au pamoja nacho: chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote, ukihesabu na ile iliyomo ndani ya vipande vya supu vinavyotiwa kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo. Makayabo, yaani samaki wa chumvi, ambayo najua ni vigumu kuiacha pale penye bukari, ugali wetu, iloweke usiku mzima na kubadilisha maji mara kadhaa. Itapoteza sehemu ya chumvi yake, si yote, kwa hiyo isiwe ya kila siku.

Kisha rudi kwa daktari huyohuyo, ukiwa na karatasi ya siku 7 na mashine yenyewe mkononi, ili akupime kwa mashine yake na kwa yako katika mkono uleule. Wastani ukiwa 135 kwa 85 au zaidi, dawa aliyokuandikia ina sababu, nawe uimeze. Ukiwa chini ya hapo, mwombe aandike kwamba utapimwa tena, na mkubaliane tarehe kabla hujatoka mlangoni.